EGT ya silinda namba 3 inarukaruka: ni sensa, ni waya au ni injini?

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Ohio, na nina ndege ya RV-9A niliyoijenga mwenyewe gereji. Injini ni Lycoming O-320 ya kabureta. Safari za karibuni EGT (joto la moshi unaotoka) ya silinda namba 3, ambayo siku zote inakaa kwenye 1,380 za Fahrenheit nikiwa nimetulia angani, inaanguka ghafla hadi 900, inaruka hadi 1,600, halafu inarudi mahali pake ndani ya sekunde moja au mbili. Injini haitetemeki. CHT (joto la kichwa cha silinda) ya silinda hiyo hiyo inabaki 365. Jamaa wa hapa uwanjani wananiambia ninunue sensa zote nne, nifunge mpya, nimalize. Je, ni sawa? Na nikibadilisha, nifanyeje nisiharibu bomba? Tena silinda namba 2 tangu mwanzo inasoma digrii 60 zaidi ya wenzake. Niwe na wasiwasi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza usitoe hela. Kwa jinsi ulivyoeleza, injini yako ni nzima, na hata sensa yenyewe huenda ni nzima. Ninachokitilia shaka zaidi ni waya, hasa pale sensa inapoungana na waya unaokwenda kwenye skrini. Lakini shaka haitoshi. Kabla hujalegeza klampu hata moja, uhamishe ugonjwa kutoka silinda moja kwenda nyingine uone utaelekea wapi. Kazi hiyo haikugharimu kitu, na ndiyo itakayokwambia ununue nini, au usinunue kabisa.

Nianze na sababu za kuitoa injini kwenye kesi. O-320 ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda hutoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili. Ukiwa angani kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, silinda namba 3 inapuliza mara 20 kila sekunde. Ncha ya sensa haiwezi kufuata kila pumzi. Inapata moto, inapoa kidogo, inapata moto tena, na unachokisoma kwenye skrini ni wastani wa mapigo yote hayo. Chuma cha ncha hiyo kina unene wake, na unene unahitaji muda. Kushuka digrii 480 kisha kupanda 700 kwa kufumba na kufumbua, chuma hakiwezi. Umeme ndio unaoweza kuruka namna hiyo.

Ushahidi wa pili umeutaja mwenyewe: injini haikutetemeka. Silinda moja kati ya nne ikikosa kuwaka, utaihisi kwenye kiti kabla hujaitazama skrini. Ushahidi wa CHT nauchukua kwa tahadhari, maana kichwa cha silinda ni aluminiamu nyingi inayochelewa kubadilika joto, hivyo CHT iliyotulia haithibitishi kilichotokea ndani ya sekunde moja. Ingekuwa tatizo linadumu dakika kadhaa, hapo CHT ingekuwa shahidi wa kuaminika.

Magonjwa ya kweli ya injini yana sura zake, na ni vizuri uzijue ili siku yakija usiyasingizie waya. Plagi moja ikifa, EGT ya silinda hiyo hupanda, kwa kawaida digrii 50 hadi 100 za Fahrenheit, na hubaki huko huko juu. Moto unaoanzia upande mmoja tu wa silinda huchelewa kumaliza kuungua, kwa hiyo valvu ya kutolea moshi inapofunguka gesi bado ni ya moto kuliko kawaida, wakati CHT inashuka kidogo. Ukizima magneto (mashine zinazozipa plagi umeme) moja moja ukiwa chini, silinda itajitaja: EGT yake itaanguka pale unapoiachia ile plagi mbovu peke yake. Hewa ikivuja kwenye bomba la kuingizia, silinda ile hupata mafuta machache kuliko wenzake, na kasoro huonekana zaidi injini ikiwa taratibu, kwa kuwa ndipo mvuto ndani ya bomba unapokuwa mkubwa.

Ninaloliogopa mimi ni valvu ya kutolea moshi inayoanza kuungua, kwa sababu linakuja kimya kimya. EGT hupanda na kushuka polepole, digrii 30 hadi 50 hivi, duru moja kwa dakika au hata pungufu, na hujirudia. Valvu huzunguka taratibu kwenye kiti chake, na ile sehemu iliyoharibika nayo huzunguka pamoja nayo, ikivujisha mara zaidi mara kidogo. Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya macho yako. Pakua data za safari zako kutoka kwenye skrini uzitazame kwenye kompyuta. Ukikuta mistari iliyosimama wima, juu na chini, ni umeme. Ukikuta vilima vya mviringo vinavyofuatana, egesha ndege, toa plagi, ingiza kamera ya boroskopu uichungulie valvu hiyo kabla hujaruka tena.

Sasa sensa yenyewe. Ni themokapo ya aina ya K, yaani nyaya mbili za aloi tofauti, kromeli na alumeli, zilizounganishwa nchani. Msingi wake ni jambo aliloliona Thomas Seebeck mwaka 1821: duara la metali mbili likipata moto kwenye ungio moja, huisukuma sindano ya dira. Baadaye ikaeleweka kwamba kinachoisukuma ni mkondo wa umeme. Kwa aina ya K umeme huo ni kama mikrovolti 41 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kwenye 1,380 zako za Fahrenheit, ambazo ni Selsiasi 749, skrini inapokea milivolti 30 hivi. Betri ndogo ya tochi hutoa milivolti 1,500. Skrubu iliyolegea kidogo, ambayo taa ya kutua isingeijali, inatosha kabisa kuivuruga EGT. Na waya ukiachana kwa muda mfupi, mlango wa kuingilia skrini unabaki unaelea, unaokota umeme wowote unaopita jirani, na kuandika namba isiyo na maana: sasa 900, mara 1,600. Ndiyo maana namba zako zinakwenda pande zote mbili.

Fungua boneti injini ikiwa imepoa, chukua tochi, ufuate waya wa namba 3 kuanzia kwenye bomba. Mahali pa kwanza pa kukagua ni shingoni, pale waya unapotoka kwenye ganda la chuma la sensa. Hapo waya laini unakutana na chuma kigumu, na mtetemo wote unaishia kwenye milimita chache. Ala ya nyuzi za kioo inabadilika rangi, inachanika, na ukiupinda waya taratibu kwa kidole unaweza kuona ndani nyuzi zilizokatika zinang'aa nchani, huku waya mzima umeshikiliwa na nyuzi mbili tatu zilizobaki. Waya wa hivyo hugusana injini ikiwa baridi na huachana ikipata joto, kwa hiyo ukipima asubuhi kwenye banda utaambiwa ni mzima.

Kutoka hapo nenda kwenye ungio, vile vipande vya pete vilivyofungwa kwa skrubu na nati ndogo na kufunikwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Kata mpira. Shika skrubu kwa vidole viwili. Ikizunguka bila bisibisi, mwizi umemkamata. Safisha pete kwa msasa laini hadi zing'ae, weka nati mpya ya kujifunga, kaza, funika upya. Endelea kuufuata waya hadi kwenye ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha rubani, ukitazama popote unapogusa bomba, ukingo wa chuma, au ulipofungwa pamoja na nyaya za plagi. EGT na nyaya za plagi zisilale kitanda kimoja. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba kisha kila moja ishike njia yake.

Uone kitu usione, fanya jaribio la kubadilishana. Kwenye Lycoming silinda namba 1 na namba 3 ziko upande mmoja wa kulia, namba 1 mbele na namba 3 nyuma, kwa hiyo mara nyingi nyaya zake zinafikiana. Fungua maungio ya sensa hizo mbili. Sensa ya 1 iunge na waya uliokuwa wa 3, na sensa ya 3 iunge na waya uliokuwa wa 1, njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu. Usirekebishe kitu kingine chochote siku hiyo, kwa sababu ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilichokuponya. Andika kwenye kipande cha tepu ubandike karibu na skrini kwamba 1 na 3 zimebadilishana, halafu ruka siku ya hali nzuri ukizunguka karibu na uwanja.

Kurukaruka kukihamia namba 1, mbaya ni sensa pamoja na kipande chake cha waya. Kukibaki namba 3, sensa haina hatia, na wewe uende kwenye waya unaoelekea dashibodi, kwenye konekta ya nyuma ya kisanduku kinachopokea nyaya za sensa na kuilisha skrini, au kwenye kisanduku chenyewe. Huko nyuma rudia mchezo ule ule: badilishana njia za 1 na 3 kwenye konekta, na kosa litakwambia kama linaishi kwenye waya au ndani ya kisanduku. Kuna jibu la tatu ambalo watu hulisahau. Kurukaruka kunaweza kutoweka kabisa. Hapo ungio ndilo lililokuwa limelegea au lina uchafu, na umelitibu kwa kulifungua na kulifunga. Rudisha kila sensa mahali pake, ruka tena, na kama pametulia hela yako imebaki mfukoni.

Tuseme mtuhumiwa ni sensa. Ing'oe uipime mezani. Kwa mita ya omu, sensa nzima huonyesha omu chache tu. Ikionyesha hakuna njia, imekatika. Pima huku unautikisa waya karibu na shingo, maana huko ndiko inakoachia. Pima pia kati ya waya na ganda la chuma. Zipo sensa ambazo ncha yake imeunganishwa na ganda makusudi, nazo hujibu haraka, na zipo zilizotengwa na ganda. Kitabu cha skrini yako kitakwambia inataka ipi, na hilo ulijue kabla ya kuagiza nyingine. Kama yako ni ya kutengwa na mita inaonyesha mgusano, kinga ya ndani imekufa.

Kisha chemsha maji. Weka mita kwenye milivolti, chovya ncha kwenye maji yanayotokota bila kugusa chini ya sufuria. Chumba kikiwa Selsiasi 25, themokapo ya K itakupa milivolti 3.1 hivi. Ohio si nchi ya milima, kwa hiyo maji yako yatachemka karibu na 100. Ndugu zetu wa Nairobi wakifanya jaribio hili wakumbuke kwamba kwao yanachemka karibu na 95. Namba ikija na alama ya kutoa, umegeuza nyaya. Mwisho iunge sensa kwenye ndege ikiwa nje ya bomba, mtu mmoja akae mbele ya skrini, wewe uipashe ncha kwa tochi ya gesi. Namba inapaswa kupanda kwa mteremko laini, na ukiondoa moto ishuke kwa mteremko laini. Vuta, pinda na tikisa waya wakati mwenzako anatazama. Akikuitia "hapo!", umeshafika. Usiweke chombo cha moto ndani ya boneti yenye harufu ya mafuta. Toa sensa nje, simama mbali na matangi.

EGT zote nne zikiruka pamoja, achana kabisa na sensa. Sensa nne haziugui siku moja. Washa taa ya kutua, kisha zima. Washa alteneta, zima. Bonyeza kitufe cha redio kama unayezungumza. Namba zikicheza kila unapobonyeza redio, nyaya zinadaka mawimbi yake, na dawa ni kuzihamisha mbali na waya wa antena. Zikisogea unapowasha mzigo mkubwa, ethi ya kisanduku ina kasoro: injini na dashibodi hazikubaliani sifuri iko wapi, na tofauti ndogo ya milivolti chache ni digrii nyingi kwa EGT. Safisha ethi kati ya injini na fremu, na uhakikishe kisanduku kimepewa ethi pale kitabu chake kinapoelekeza.

Hapa kuna kosa moja la wajenzi ambalo linanisumbua kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Mtu anafupikiwa na waya, anaunga kipande cha waya wa shaba wa kawaida, na namba zinaendelea kuonekana za kawaida. Lakini pale aloi inapokutana na shaba pamezaliwa mwisho mpya wa themokapo. Ikiwa hapo ndani ya boneti pana Selsiasi 80 na nyuma ya dashibodi pana 25, EGT yako inasoma chini kwa digrii 55 za Selsiasi, ambazo ni 99 za Fahrenheit, na kosa hilo linabadilika kadiri boneti inavyopata joto. Waya wa aina ya K uende moja kwa moja kutoka kwenye sensa hadi kwenye kisanduku. Pete na skrubu za kawaida kwenye ungio hazina ubaya, mradi pande zote mbili za ungio ziwe na joto moja.

Rangi nazo zina mtego. Kwa waya wa Kimarekani, kromeli ni njano na ndiyo chanya, alumeli ni nyekundu na ndiyo hasi, kinyume na tulivyozoea kwenye betri. Waya wa viwango vya kimataifa una kijani upande chanya na nyeupe upande hasi. Rangi zikifutika kwa joto na mafuta, chukua sumaku ndogo: alumeli hunaswa na sumaku, kromeli hainaswi. Jaribio hilo ni la kuaminika kuliko macho. Na kwa maungio, bana kwa koleo la kubania; risasi ya kawaida ya kuchomelea haishiki vizuri kwenye aloi hizi.

Ukishathibitisha kwamba sensa imekufa, badilisha hiyo moja. Kabla ya kuingiza mkono karibu na propela, hakikisha magneto zimezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako na kitasa cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kimevutwa hadi kukata mafuta, na bado uichukulie propela kuwa inaweza kuwaka. Waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, magneto iko hai hata ufunguo ukiwa umezimwa, na propela ikisukumwa kidogo tu inaweza kupiga.

Legeza klampu, usiivute sensa kwa waya. Zungusha ganda taratibu kushoto na kulia, na kama imeganda kwa masizi weka mafuta ya kupenya uisubiri. Ikitoka, kagua ncha yake. Ncha iliyopungua au iliyotoboka ilikuwa inakaribia kudondoka ndani ya bomba. Kwenye injini yako isiyo na tabo (turbo) kipande hicho kingetoka na moshi kikapotea, lakini kwenye injini yenye tabo kingeingia kwenye mapanga ya tabo yenyewe, na hapo hesabu ni nyingine kabisa. Sensa za zamani zikichoka kwa kawaida husoma chini, kwa kuwa kromeli ikikaa kwenye joto kali lenye oksijeni haba hupoteza kromiamu yake. Kwa hiyo sensa mpya ikisoma juu kidogo ya ile uliyoitoa, usishtuke.

Tazama tundu. Likiwa duara safi, funga mpya mahali hapo hapo, na ununue yenye kipenyo kile kile. Likiwa limetanuka au lina ufa unaotoka ukingoni, usilifunike kwa klampu ukajidanganya. Bomba lishushwe, mchomeleaji anayejua chuma kisichoshika kutu alizibe, na tundu jipya litobolewe. Kama unatoboa upya, pima kutoka kwenye flanji ya silinda: inchi 2 hadi 4, yaani sentimita 5 hadi 10, na silinda zote ziwe na kipimo kimoja kadiri bisibisi na waya za plagi zitakavyokuruhusu. Sensa iliyo inchi moja mbali zaidi na wenzake itasoma tofauti nao maisha yake yote. Epuka kona kali ya bomba, epuka maungio ya kuteleza. Weka alama kwa maka peni, kamwe usiweke kwa penseli. Kaboni ya penseli huingia kwenye chuma kinapopata moto, na bomba huja kupasuka kwenye ule ule mstari uliochora. Toboa kwa biti kali ya kobalti, mwendo wa taratibu, mafuta ya kukatia, kisha lainisha kingo.

Ncha ikae katikati ya mkondo wa moshi, kina kimoja kwa zote. Kaza klampu hadi sensa isizunguke kwa mkono, usikaze hadi bomba libonyee. Mkia wa klampu uelekee mahali ambapo hautasugua boneti wala waya wa plagi. Kama bomba lako lina kizibo cha kuchomelea chenye nyuzi, paka nyuzi hizo dawa ya kuzuia kuganda yenye nikeli. Uachie waya kitanzi kidogo baada ya shingo, kisha uufunge kwenye kitu kinachotetemeka pamoja na injini. Ukiufunga moja kwa moja kwenye fremu, injini itacheza na waya utakatika pale pale ulipokatika wa kwanza.

Kuna wanaoitoa sensa mbovu na kuruka na tundu wazi huku wakisubiri mpya ije kwa posta. Usifanye hivyo hata kwa safari moja ya kuzunguka uwanja. Gesi inayotoka kwenye tundu hilo ni ya moto wa zaidi ya Selsiasi 700, inapiga boneti ya faibaglasi, mipira ya mafuta na nyaya. Na ndani yake kuna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ikitafuta kila upenyo wa ukuta wa moto kuingia ulipokaa. Rudisha sensa mbovu mahali pake kama kizibo, kata waya wake na uufunge vizuri, ruka bila EGT ya namba 3 kama ni lazima. EGT si chombo cha lazima kisheria kwa ndege kama yako; bomba lisilovuja ni lazima kwa uhai wako. Kipimo cha kaboni monoksaidi ndani ya ndege ni hela iliyotumika vizuri kuliko sensa tatu za ziada.

Ukimaliza kufunga, washa injini boneti ikiwa nje, iache ipate joto, zima, ipoe, kisha tazama kuzunguka sensa. Masizi au vumbi la kijivu kuzunguka klampu ni moshi unaovuja. Kaza tena baada ya safari za mwanzo, kwa kuwa klampu hulegea ikishapanuka na kusinyaa mara kadhaa. Kisheria huko Marekani hakuna kizuizi: ndege ya kujengwa nyumbani inaweza kufanyiwa kazi hii na mwenyewe, na ukaguzi wa hali wa kila mwaka ndio unaotaka cheti cha ufundi (repairman) cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa mjenzi wa ndege hiyo, au fundi wa fremu na injini za ndege mwenye leseni ya A&P. Andika kwenye kitabu cha ndege tarehe, saa za injini, silinda, na namba ya sensa uliyoweka.

Sasa silinda namba 2 na digrii zake 60. Sina wasiwasi nazo. Kabureta haigawi mafuta sawasawa kwa silinda nne, na tofauti ya EGT ya digrii 100 kati ya silinda za O-320 ni jambo la kawaida kabisa. Ongeza hapo sentimita moja ya tofauti ya mahali pa sensa na umeshapata 60 zako. Lycoming haikuiwekea injini yako mstari mwekundu wa EGT. Mstari wake mwekundu ni wa CHT, Fahrenheit 500, na 365 yako iko mbali nao. Hili ni la Lycoming yako. Mwenye Rotax 912 anayesoma hapa ana kikomo cha EGT kwenye kitabu chake, naye akifuate.

Cha kuangalia kwa namba 2 ni mabadiliko. Panda hadi mahali salama, tuliza ndege kwenye nguvu ya asilimia 65 au chini, punguza mafuta polepole, na uandike kila silinda ilifika kilele cha EGT mafuta yakiwa galoni ngapi kwa saa. Sensa ikisoma juu au chini kwa digrii 40, kilele hakihami. Kitatokea kwenye mafuta yale yale. Hapo ndipo unapotofautisha sensa inayosoma vibaya na silinda inayoungua tofauti. Fanya jaribio hilo ukishatengeneza namba 3, weka karatasi yake ndani ya kitabu cha injini, na ulirudie kila ukaguzi wa mwaka. Silinda ikihamisha kilele chake kwa zaidi ya ilivyokuwa, anza na gasketi za bomba la kuingizia na plagi za silinda hiyo, hata kama EGT yenyewe inaonekana nzuri. Data zako za safari tatu za mwisho ukizipakua, nitumie. Ile mistari ya namba 3 nataka niione kabla hujafungua boneti.